Pua ya Glen na Sufuria ya Kijapani

Kila asubuhi kabla ya chai, Glen Rebello alikaa kwenye meza ya jikoni na chupa zake nne. Moja ilikuwa na mafuta ya waridi, moja ya limau, moja ya karafuu, na ya mwisho ya mkaratusi. Alifungua ya kwanza, akaisogeza chini ya pua, akafumba macho na kuvuta pumzi polepole huku akihesabu mpaka ishirini. Akaifunga, akapumzika, akafungua ya pili. Mkewe, Yolanda, aliyekuwa akiosha vikombe, alisikia karafuu imejaa fleti nzima hata akapiga chafya. Glen hakusikia kitu. Ile ya mkaratusi ilimpa ubaridi kidogo puani, lakini ubaridi si harufu.

"Leo je?" Yolanda aliuliza.

"Bado."

Ilikuwa hivyo kwa miaka minne, tangu korona impitie. Wala haikumlaza hospitali. Alikohoa wiki moja, akalala sana, akaamka mzima. Siku aliyoamka mzima ndiyo siku kahawa ilipogeuka kuwa maji ya moto yenye uchungu. Kwanza alidhani Yolanda amenunua kahawa mbovu. Akanusa kopo. Akanusa sabuni ya kufulia, akanusa siki, mwisho akavua kiatu chake mwenyewe akakinusa, ndipo akajua kwamba kilichoharibika si kahawa.

Kwa mtu mwingine labda ingekuwa hasara ya kuzoeleka. Lakini Glen alikuwa mpishi. Si mpishi wa kuajiriwa: alizaliwa Tabora, mtoto wa karani wa reli, katika zile familia za Wagoa Wakatoliki zilizokuwa zikihamishwa na kazi kutoka stesheni moja hadi nyingine, na alipofika Toronto mwaka wa sabini na tano, akiwa na miaka ishirini na minne, alipata kazi kwenye karakana moja ya Don Mills iliyotengeneza vipimo. Mizani za maabara, vipimajoto, saa za presha. Kwa miaka thelathini na minane aliamka Weston, akaendesha gari kuvuka jiji, akakaa mbele ya kipimo kilichokuwa kikidanganya na kukifanya kiseme kweli. Jioni akarudi nyumbani akapika. Na huko jikoni hakupima kitu hata siku moja. Alinusa tu. Alijua kitunguu kimeiva kabla hakijabadilika rangi. Sorpotel yake, ule mchuzi mzito wa nyama ya nguruwe na maini uliotiwa siki na pilipili, ilipikwa siku tatu kabla ya Krismasi, na watu wa parokia walifika na bakuli zao bila kualikwa.

Baada ya ugonjwa alijaribu kuipika mara moja. Alisimama kando ya jiko, mwiko mkononi, akiiangalia sufuria, na nyama ikaungua mbele ya macho yake asijue chochote mpaka king'ora cha moshi kilipolia na majirani wakatokea koridoni. Yolanda alifungua madirisha. Glen alikaa sebuleni. Tangu siku ile hakushika mwiko tena. Alikula kwa kufuata saa, kama anavyomeza dawa ya presha: saa sita na nusu mchana, saa moja jioni. Alitafuna, akameza, akasema asante. Suruali zake zikaanza kuhitaji mkanda.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, barafu ikiwa imeganda kingo zote mbili za mto Humber, walipanda treni pale Weston kwenda mjini kuonana na daktari wa pua. Walikuwa wameisubiri miadi hiyo tangu kiangazi. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimpa Glen vijiti kumi na viwili vyenye harufu, kimoja baada ya kingine, na kumtaka achague jina la harufu kwenye karatasi. Alipata viwili.

"Na hivyo viwili nilibahatisha," Glen alisema.

Daktari hakumdanganya. Alisema miaka minne ni mingi. Wengi wanaopona huwa wamepona kabla ya hapo. Aendelee na chupa zake akitaka, lakini yeye hawezi kumwahidi kitu. Glen alimshukuru, akavaa koti, akafunga vifungo vyote na kukosea tundu la kwanza, hivi kwamba alitoka nje koti limepanda upande mmoja. Yolanda aliona, akaliacha hivyo. Walitembea kwenye baridi mpaka kona ya pili.

"Mimi nina njaa," Yolanda alisema.

"Nyumbani kuna mkate."

"Mkate upo kila siku. Kuna mahali nimepaona tulipokuwa tunakuja. Watu wamekaa kwenye mstari, kila mtu na sufuria yake mbele yake, na mvuke umejaa dirisha zima. Kuna mmoja kavaa tai, Glen, alikuwa anachovya nyama majini kama anayesuuza leso. Nataka kujua wanafanya nini."

Yolanda alikuwa hivyo. Alikuwa karani wa shule kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mzazi aliyepita mbele ya dirisha lake bila kuulizwa ametoka wapi na kwao wanakula nini. Glen hakuwa na hamu ya chakula, lakini pia hakuwa na hamu ya kurudi kwenye treni na kukaa kimya. Akamfuata.

Mgahawa ulikuwa mwembamba kama korido. Kaunta ndefu ya mbao ilipita kutoka mlangoni mpaka nyuma, viti kumi na vinne upande mmoja, na mbele ya kila kiti jiko dogo la umeme lililozama kwenye mbao. Nyuma ya kaunta, karibu na mwisho, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mweusi, mwenye kofia ya kitambaa, alikuwa akikata nyama kwa mashine ya duara. Walipewa viti viwili karibu naye kwa kuwa ndivyo vilivyobaki. Mhudumu akawafungia aproni za karatasi shingoni, akawaeleza kwa haraka kwa Kiingereza jinsi ya kuwasha jiko, akauliza ng'ombe, kuku au nguruwe.

"Nguruwe," alisema Yolanda. "Sahani mbili."

Sufuria zikaja na maji meupe ambamo kipande cha mwani mkavu kilikuwa kikielea. Ikaja sinia ya mboga: kabichi ya Kichina, karoti, uyoga mweupe mwembamba kama nyuzi, vipande vyeupe vya tofu, ile soya iliyogandishwa, vitunguu majani. Vikaja vibakuli viwili kwa kila mtu, kimoja cha mchuzi mweusi wa soya wenye ndimu, kimoja cha mchuzi mzito wa ufuta, na kisahani cha figili nyeupe iliyokunwa. Mwisho ikaja nyama. Ilikuwa mbichi, ya waridi, imekunjwa kunjwa kama vitambaa, na nyembamba mno hivi kwamba Glen aliona maua ya sahani kupitia kipande cha kwanza alichokiinua.

Aliangalia vyote hivyo, akamgeukia mkewe na kusema kwa Kiswahili, "Yaani tumekuja kulipa, halafu tupike wenyewe?"

Kiswahili ndiyo lugha waliyoitumia kusema wasiyotaka yasikike. Watoto walipokuwa wadogo ilikuwa lugha ya siri. Sasa ilikuwa lugha ya kusengenya kwenye treni. Nyuma ya kaunta, mwanamume wa mashine alicheka.

"Papa, hata miye siku ya kwanza nilisemaka vile vile."

Glen aliona masikio yake yakipata moto. Yolanda, kinyume chake, alikuwa tayari ameegemea mbele.

"Wewe wa wapi, ndugu yangu?"

"Bukavu, Mama. Jina Déo. Na ninyi muko watu wa wapi?"

"Mimi Iringa. Huyu Tabora."

"Tabora!" Déo alizima mashine. "Nilikuwa mu kambi kule Kigoma miaka munane. Tabora nilipitaka na treni. Ilisimama pale masaa sita, hakuna mutu alituambia sababu."

"Baba yangu angekuambia sababu," alisema Glen. "Alikuwa karani wa stesheni. Hata hivyo ungesubiri masaa sita."

Déo alicheka tena, akanawa mikono, akaja mpaka mbele yao. Aliwaonyesha. Maji yasitokote kwa fujo, yatoe vibubujiko vidogo tu pembeni. Mboga ngumu zitangulie. Kisha kipande kimoja cha nyama, kimoja tu, kishikwe kwa vijiti, kiingizwe majini na kupelekwa huku na huku. Wajapani wenyewe wanakiita chakula hiki shabu-shabu, kwa sauti ya nyama inavyopita majini. Ng'ombe mtu anaweza kumtoa akiwa bado mwekundu, lakini nguruwe hapana. "Nguruwe unangoja mpaka urose, hii rangi ya waridi, wote uishe. Wote kabisa, Papa."

"Maji haya ni nyuzi ngapi?" Glen aliuliza.

Déo alimtazama. Labda hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hilo. "Kwa kweli sijui. Ya moto."

"Ni kama themanini na tano," Glen alisema, akiangalia vibubujiko. "Yakifika tisini vitaanza kupanda katikati."

Akachovya. Nyama iliyokuwa ya waridi ilififia, ikajikunja, ikawa ya kijivu cheupe, na Glen akajikuta anahesabu. Alipofika kumi na mbili hapakuwa na waridi iliyobaki. Akachovya kwenye soya yenye ndimu, akatia mdomoni.

Alikuwa amejiandaa kwa kile kinachomtokea kila mlo, yaani kutafuna kitu ambacho hakipo. Safari hii palikuwa na kitu. Si harufu. Kwanza ulikuja uchachu pembeni mwa ulimi, mkali na safi. Kisha chumvi. Kisha nyama yenyewe, laini, ikiteleza kati ya meno na kuachana bila kupigana. Akala kipande cha pili na ufuta. Ule uchachu haukuwepo. Badala yake ulikuja uzito, kitu kilichopaka mdomo wote na kukawia. Cha tatu alikitia figili iliyokunwa, na figili ikamchoma nyuma ya koo, puani kabisa, mahali ambapo kwa miaka minne, ukiacha ule ubaridi wa mkaratusi, palikuwa kama nyumba isiyo na mtu.

Alisimamisha vijiti hewani.

"Nini?" Yolanda aliuliza. "Umesikia harufu?"

"Hapana. Nyamaza kwanza."

Akarudia. Soya peke yake. Ufuta peke yake. Figili peke yake. Uyoga, ambao ulikatika kwa sauti ndogo kama kutembea juu ya barafu mpya. Tofu, ambayo haikuwa na ladha yoyote lakini ilikuwa na joto ndani kuliko nje. Yolanda alikula chake na kumwangalia kwa jicho la pembeni. Alikuwa akifurahia supu yake kwa namna ya kawaida. Aliisifu, akasema inanukia bahari na vitunguu.

"Yolanda," Glen alisema ghafla, "ziba pua."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hapa. Ziba kabisa, vuta hewa kwa mdomo. Kisha ule kipande na ufuta, uniambie unapata nini."

Yolanda alitazama kushoto, akatazama kulia. Mwanamume aliyekaa upande wake alikuwa akisoma simu. Akabana pua kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, na kwa kulia, kwa taabu sana, akachovya nyama, akaitia mdomoni na kutafuna. Déo aliacha kazi kuangalia. Yolanda alitafuna muda mrefu. Macho yake, yaliyokuwa yakicheka, yaliacha kucheka. Akameza.

"Hakuna kitu," alisema, sauti kama ya mtu mwenye mafua kwa kuwa bado amebana pua. "Kuna chumvi. Kuna utamu kidogo. Kuna... kitu laini. Ufuta wenyewe umekwenda wapi?"

"Achia sasa."

Aliachia, na Glen aliona usoni mwake ufuta ukirudi kwa nguvu, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Yolanda aliweka vijiti chini. Kwa miaka minne alikuwa amemuuliza leo je, leo je, na kumbadilishia viungo, na kumkasirikia kimyakimya kwa kuacha chakula nusu.

"Ndivyo ilivyo kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

"Hata mikate yangu?"

"Mikate yako ni sifongo, mama. Nisamehe."

Yolanda alicheka na machozi yakamtoka kidogo, akayafuta kwa aproni ya karatasi ambayo haikufaa kufutia. Kisha akabana pua tena. Alitaka kujaribu na soya yenye ndimu. Walikaa hivyo, wazee wawili kwenye kaunta, mmoja amejibana pua na mwingine anamuuliza maswali: uchachu unaanzia wapi, ncha ya ulimi au pembeni? Figili inachoma mapema au baadaye? Yolanda alijibu kwa uangalifu. Glen alimsahihisha mara mbili. Mhudumu alikuja kuuliza kama kila kitu kiko sawa.

Sahani ya kwanza ilipoisha, Yolanda aliagiza ya pili bila kumuuliza mumewe. Déo alitoa kipande kikubwa cha bega la nguruwe kwenye friza, kigumu kama kuni, akakifunga kwenye mashine na kukikata wao wakitazama. Kila kipande kiliteremka na kujikunja chenyewe kwenye kiganja chake. Akaipanga sahani, akaisukuma mbele ya Glen.

Glen alichovya, akahesabu. Kumi na mbili ilipita na waridi bado ipo. Akangoja mpaka kumi na nane. Akatafuna. Akachovya cha pili, akatafuna tena, polepole zaidi, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mashine ya gari.

"Hizi ni nene zaidi," alisema.

"Ni zilezile," alisema Yolanda.

"Si zilezile. Hizi meno yanazifikia mara mbili. Zile za kwanza yalizifikia mara moja."

Déo alishtuka kidogo, lakini hakukasirika. Aliwaonyesha kitufe cha kuzungusha, chenye namba, ubavuni mwa mashine. "Moja na nusu, Papa. Milimita moja na nusu. Bosi anapenda moja na nusu, sijagusa."

"Za kwanza ulizikata lini?"

"Asubuhi, saa tatu. Halafu nikafungua mashine nzima nikaisafisha, nikairudisha."

Glen aliweka vijiti chini. Damu yake ilikuwa imeanza kwenda mbio kwa namna aliyokuwa ameisahau, namna ya karakana, pale mteja anapoapa kwamba mizani yake ni nzima na wewe tayari umeshajua kwamba si nzima.

"Una rula?"

Rula ilikuwepo, ya plastiki, kwenye droo ya mhudumu.

"Kata vipande kumi. Vikiwa bado vimeganda vipange kimoja juu ya kingine, usivibonyeze, kisha pima. Kumi vikipimwa pamoja kosa linaonekana. Kimoja kinaficha."

Déo alikata kumi. Alivipanga kwenye ubao kwa ncha za vidole, akasimamisha rula ubavuni, akainama mpaka jicho likawa sawa na nyama. Mteja wa kiti cha jirani aliacha simu yake. Yolanda alisimama kabisa.

"Kumi na tisa," Déo alisema. Akapima tena. "Kumi na tisa. Ilipaswa kuwa kumi na tano."

"Basi kitufe chako kinasema uongo. Si kosa lako. Ulipokirudisha hakikukaa kwenye sifuri yake. Chini ya namba lazima pawe na skrubu ndogo."

Ilikuwepo. Glen hakutoka kwenye kiti chake, alimwelekeza tu. Legeza skrubu, usiitoe. Sogeza bamba mpaka liguse kisu bila kukikwaruza. Geuza kitufe kisome sifuri. Kaza. Déo alifanya kwa mikono ya mtu aliyeizoea mashine yake, huku mdomo ukirudia kila neno. Kisha akarudi kwenye moja na nusu, akakata kumi vingine, akapanga, akapima.

"Kumi na tano na kidogo."

"Kidogo hicho ni macho yetu," alisema Glen. "Nipe kimoja nionje."

Alikichovya. Kumi na mbili, na waridi ikaisha. Alitafuna, na kabla hajameza alikuwa ameshatikisa kichwa kukubali. Déo alipiga kaunta kwa kiganja.

"Miye ninakula hii nyama kila siku na pua nzima," alisema. "Sikuona kitu. Namna gani weye umeona?"

Glen alivilaza vijiti juu ya kibakuli. Alikuwa hajawahi kujiuliza. Kwa miaka minne alikuwa amehesabu kilichopotea, na hakufikiria kwamba pale kilipopotea huenda kuna kingine kilichoachiwa nafasi. "Nadhani harufu ilikuwa inapiga kelele sana," alisema mwishowe. "Sasa kimya, kwa hiyo nasikia meno."

Watu wa mchana walianza kuondoka; viti vikabaki wazi. Sufuria zilikuwa zimebakiwa na supu iliyolainika kwa mafuta ya nyama na maji ya kabichi. Mhudumu aliwaletea wali baridi na yai moja moja, na Déo akawaonyesha jambo la mwisho: wali humwagwa ndani ya supu ileile, unaachwa uvimbe, yai linakorogwa na kuzungushwa juu, jiko linazimwa, na mtu anangoja dakika moja. Ulitoka uji mzito wa manjano. Glen aliula kwa kijiko, akapuliza, akala. Ulikuwa na chumvi kidogo, na ule utamu wa nyama na mwani ambao hauhitaji pua. Alikwangua sufuria. Yolanda aliinama kuichungulia, maana alikuwa amefikisha mwaka bila kuona chombo cha mumewe kikiwa kitupu.

Wakati wa kuvaa makoti, Glen aliuliza kama mtu asiye na mashine anaweza kukata nyama hivi nyumbani.

"Anaweza," alisema Déo. "Weka mu friza masaa mawili, isigande yote. Ikae kama sabuni. Kisu kiwe kikali. Lakini moja na nusu huwezi, Papa. Labda tatu."

"Tuone," Glen alisema.

Kwenye treni ya kurudi Weston hakukaa kimya. Alimuuliza Yolanda harufu ya ufuta inafananaje na karanga, na je, mwani unanuka kabla ya kuiva au baada, na Yolanda, ambaye kwa miaka minne alikuwa akijizuia kutaja harufu mbele yake asije akamwumiza, alimweleza moja baada ya nyingine mpaka wakapitiliza kituo chao na kulazimika kushuka uwanja wa ndege na kurudi.

Jumapili iliyofuata binti yao, Deanne, alikuja kuwatembelea. Alikuta mlango wa jikoni umefungwa. Alipoufungua alimwona baba yake amesimama mbele ya bega la nguruwe lililoganda nusu, kisu mkononi, na ubaoni vipande vimepangwa kwa makundi matatu. Sufuria ya maji ilikuwa ikibubujika polepole juu ya jiko, kipimajoto kikiwa kimening'inizwa ukingoni. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa amekunja mikono ya shati.

Deanne alikuwa ameing'amua ile lugha ya siri ya wazazi wake tangu utoto, ingawa alijibu kwa Kiingereza. Alimuuliza anapika nini.

"Sipiki bado. Kaa hapo. Hizi ni za milimita tatu, hizi nne, hizi sijui nilifanya nini. Chovya kimoja, uhesabu mpaka waridi iishe. Usiniambie kama ni kitamu. Niambie meno yanapata nini."

Deanne alimtazama mama yake, aliyekuwa mlangoni. Yolanda aliinua mabega. Basi Deanne akavua koti, akavuta kiti, akachukua uma kwa kuwa vijiti hawakuwa navyo, akachovya. Alihesabu kwa Kiingereza, kwa sauti. Akatafuna huku akiangalia dari.

Alisema ukingoni ni laini, lakini katikati kuna mahali bado panang'ang'ania.

"Katikati karibu na mafuta, au mbali na mafuta?"

Hakuwa na uhakika. Akachukua kingine. Glen alikuwa tayari ameinama juu ya ubao, akikata cha tatu kwa utaratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, na Yolanda akaenda kutafuta bakuli za mchuzi.